Uzazi wa Mpango na Uchunguzi wa Saratani: Tusichanganye Hukumu

 

Ndugu Waislamu, maneno yetu ya leo yamewaelekea zaidi wanaume, ingawa yahusu maradhi ya wanawake. Katika zahanati na vituo vingi vya afya vya serikali hapa Tanzania, huduma za uzazi wa mpango na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi hutolewa katika kliniki moja, ile ya mama na mtoto. Basi mume anayeichukia huduma ya kwanza humzuia mkewe na ya pili. "Usiende kule, wanafunga watu vizazi." Neno hilo tumelisikia barazani, na hata ndani ya misikiti yetu.

Tuanze na hilo linalogombaniwa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Jabir bin Abdillah (r.a.), kwamba Masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, na hali Qur'ani ingali inashuka. Mwaka 1988 wanazuoni wa Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya jumuiya ya OIC, walikutana Kuwait wakalipambanua jambo hili. Haijuzu kutunga sheria ya jumla ya kuwawekea wanandoa mipaka ya kuzaa. Ni haramu kumwondolea mtu uwezo wa kuzaa pasipo dharura. Ama kuzuia mimba kwa muda ili kupishanisha watoto, kukiwa na haja inayokubalika kisheria, kwa mashauriano na ridhaa ya mume na mke, na bila madhara wala kuigusa mimba iliyokwisha kuingia, hilo lajuzu. Sisi ni miongoni mwa wanaozipinga siasa za kupunguza idadi ya watu. Lakini mama aliyejifungua kwa upasuaji mara tatu, daktari akamtaka apumzike, ana uhusiano gani na siasa hizo?

Ama uchunguzi wa saratani, huo haumo kabisa katika mjadala wa kuzaa na kutozaa. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na inakadiriwa kuwa zaidi ya 10,000 hupatwa nayo kila mwaka. Husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Na hapa tunatahadharisha: virusi hivi vimeenea mno na huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Mke aliyeolewa bikira akatulia nyumbani mwake aweza kuvipata kwa mumewe, naye mume huenda alivipata kwa mke wake wa halali wa zamani. Atakayejenga tuhuma ya zinaa juu ya cheti cha hospitali na aikumbuke adhabu ya kumsingizia mwanamke mtwaharifu.

Tangu maambukizi hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 10 hadi 20, na muda huo ndio fursa yenyewe. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kusubiri kama dakika moja. Sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Mabadiliko ya mwanzo hutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na kizazi hakiondolewi. Wanaohimizwa hasa ni wenye umri wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi. Anayengoja mpaka atokwe na damu baada ya tendo la ndoa aweza kufika Ocean Road, Dar es Salaam, maradhi yakiwa yamekwisha kuenea.

Mabinti nao wana chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inaziba vizazi hauna ushahidi, nasi tumeamrishwa katika Suratul Hujurat kuzihakiki habari.

Limebaki suala la sitara. Majmau hiyo hiyo, mwaka 1993 huko Brunei, iliweka utaratibu: mwanamke atazamwe na tabibu wa kike Mwislamu, asipopatikana, wa kike asiye Mwislamu, kisha mwanamume Mwislamu, kwa kiasi cha haja tu na bila faragha ya wawili. Kwa hiyo ni haki yetu kumwomba mganga mkuu wa kituo muuguzi wa kike na pazia. Lakini, jamani, huyo muuguzi atoke wapi? Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) aliwatibu majeruhi katika hema lililopigwa msikitini kwa Mtume (s.a.w.), nasi binti anayefaulu sayansi twamwoza kabla hajamaliza kidato cha nne, kisha twalalamika kwamba wanaume wanawahudumia wake zetu.

Tunaziomba kamati za misikiti zimwalike muuguzi wa kike wa kituo cha jirani katika darsa za akina mama, aulizwe yale wasiyoweza kutuuliza sisi. Na waume watoe nauli.

Wabillahi tawfiq.