Jino la Nyuma Linapolegea: Daktari wa Meno na Limfoma ya Burkitt Ukanda wa Ziwa



Mtoto wa miaka 6 akiletwa kliniki na jino linalotikisika, hakuna anayeshtuka. Ni umri wa kung'oka meno ya utotoni, na mara nyingi mama huja akiomba jino litolewe upesi ili mtoto arudi shule. Balaa ya ukanda wetu ni kwamba umri huohuo, miaka 5 hadi 7 hivi, ndio kilele cha limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo huku kwetu hupenda kuanzia kwenye taya. Mada yangu inahusu zile dakika chache kati ya mtoto kupanua mdomo na sisi kushika koleo. Nadai kwamba utafiti wa ugonjwa huu, ambao una zaidi ya miaka 60 na umelishwa kwa kiasi kikubwa na watoto wa ukanda huu wa Ziwa Viktoria, umetuweka pembeni sisi tunaomwona mgonjwa angali na nafasi ya kupona. Na kosa si la watafiti peke yao.

Tukumbushane ulikoanzia. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa watoto Hugh Trowell alimwita Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ayalandi, amwangalie mvulana wa miaka 5 aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Burkitt alitatizika, kwa maana usaha wa jino bovu haushiki pembe zote nne za mdomo kwa mpigo. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alitupa jicho dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile, na huyu alikuwa na vivimbe tumboni pia. Mwaka 1958 alichapisha habari za wagonjwa 38 katika jarida la British Journal of Surgery, akiuita ugonjwa huo sarkoma ya taya. Wanapatholojia O'Conor na Davies ndio waliobainisha baadaye kwamba ni limfoma.

Angalieni mambo yalivyokwenda. Ugonjwa uligunduliwa kwa macho na vidole, mdomoni mwa mtoto, kabla darubini haijasema neno. Kisha Burkitt akauliza swali la kijiografia: unapatikana wapi na haupatikani wapi? Mwisho wa mwaka 1961 yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakazunguka kilomita 16,000 hivi kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi. Walikuta kwamba ugonjwa unafuata joto, mvua na nchi za chini. Palipo na baridi ya milimani, haupo.

Sisi wa Kisumu hatukuhitaji kwenda mbali hivyo kuliona jambo hilo. Mtu akisimama Ahero akatazama kaskazini, anaziona kuta za Nandi. Chini, kwenye mita 1,100 na kitu, mbu na malaria ni wa mwaka mzima. Juu, kwenye mita 2,000, malaria huja kwa msimu na hupita. Tofauti hiyo ndiyo iliyowavuta watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Marekani, akina Ann Moormann na Rosemary Rochford, kuwalinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi. Mwaka 2005 walionyesha kwamba watoto wanaoishi na malaria kila siku hubeba virusi vya Epstein-Barr kwa wingi zaidi damuni. Mwaka 2012 wakaonyesha kwamba thuluthi moja hivi ya watoto wachanga waliowafuatilia Kisumu walikuwa wameambukizwa virusi hivyo kabla ya miezi 6, ilhali Nandi walikuwa wachache zaidi. Virusi hivi husafiri kwa mate. Karibu kila mtu mzima anavyo na havimsumbui. Ni mtoto aliyevipata mapema mno, huku malaria ikizichokoza seli zake za kinga bila kupumzika, ambaye huwa hatarini. Katika kuchokozwa huko, seli moja hukata na kuunga vibaya kromosomu zake, kwa kawaida ya 8 na ya 14, na jeni iitwayo MYC hubaki imewashwa usiku na mchana. Seli za uvimbe huu zinaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Hakuna saratani ya binadamu inayokimbia kuliko hii.

Virusi vyenyewe viligunduliwa London na Epstein, Achong na Barr, wakatangaza mwaka 1964, kutokana na vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Nairobi nako, Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo, alikuwa akimtumia Georg Klein wa Stockholm vipande vya wagonjwa wake. Kwa ufupi, kutokana na midomo ya watoto wa Afrika Mashariki dunia ilipata virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini kuna swali lililoachwa njiani, nalo ni letu: kwa nini taya? Dawa nyingi zimejaribiwa na jeni nyingi zimesomwa, ila swali hilo halijajibiwa. Tunachojua ni kwamba taya hushambuliwa zaidi kwa watoto wadogo, wakati magego ya kudumu yanajengeka ndani ya mfupa, na kadiri umri unavyosogea ndivyo tumbo linavyochukua nafasi yake. A. K. Adatia, daktari wa meno aliyefanya kazi Kampala, aliandika mwaka 1968 kuhusu tishu za jino na uvimbe huu. Mojawapo ya dalili za mapema kwenye eksirei ni kufutika kwa ule mstari mweupe mwembamba unaozunguka mzizi wa jino. Hufutika kabla uso haujavimba. Hiyo ni dalili ambayo daktari wa watoto hawezi kuikuta kwa kupapasa tumbo, wala maabara ya KEMRI iliyoko Kisian haiwezi kuiona kwenye damu. Inaonekana kwenye kiti chetu tu.

Sasa tuje kwenye kiti. Jino la mbele la chini likilegea kwa mtoto wa miaka 6, sawa. Magego ya utotoni hungoja hadi miaka 9 na kuendelea. Kwa hiyo gego linalotikisika kwa mtoto wa miaka 4, 5 au 6, lisilotoboka, lisilo na usaha, ni jambo la kutushtua. Yakiwa mawili au matatu yanayofuatana, au yako pande zote mbili, tusiongeze hata dakika. Mengine ya kutafuta: ufizi uliofura bila maumivu makali, gego la kudumu linalochomoza kabla ya wakati wake au likiwa limegeukia upande, mdomo wa chini uliokufa ganzi ambayo hakuna aliyeichoma, jicho linalotokeza. Na tumbo. Najua wengi wetu hatujagusa tumbo la mgonjwa tangu chuoni, lakini kupapasa tumbo la mtoto aliyelala kwenye kiti cha meno hakuhitaji mashine.

Kinachotokea mara nyingi ni kingine. Jino linang'olewa, mtoto anapewa dawa ya kuua bakteria ya siku tano. Baada ya wiki shimo halijapona. Nyama imejaa na kuchomoza, na jino la jirani nalo limeanza kucheza. Wanarudi, linang'olewa hilo pia. Safari ya tatu hawaji kwetu, wanakwenda kwa mganga au kwa maombi, na siwalaumu, kwa sababu sisi tumeshang'oa mara mbili na hali imekuwa mbaya zaidi. Wakifika rufaa, uso umepinda na tumbo limejaa.   

Kwa wapasuaji wenzangu nina neno moja gumu. Kisu si tiba ya ugonjwa huu. Burkitt mwenyewe, mpasuaji, alikiweka kando alipoona uvimbe uliojaza uso ukiyeyuka kwa dozi chache za dawa ya saiklofosfamidi. Kukata taya ya mtoto mwenye limfoma ni kumlemaza bure na kumchelewesha. Ameloblastoma, uvimbe mwingine wa taya, ni kinyume chake: hukua polepole kwa miaka, dawa hizo haziipunguzi, na kuikata ndiyo tiba. Kwa mbali vyote viwili ni taya iliyovimba. Kinachovitenganisha ni kipande kidogo cha uvimbe kilichosomwa na mwanapatholojia, na kipande hicho ndicho mchango wetu mkubwa. Tusimpe mtoto dawa za saratani kwa kubahatisha pia: uvimbe ukifa kwa kasi, taka zake huziba figo, ndiyo maana matibabu huanza hospitalini akiwa na maji ya kutosha mshipani.

Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona ugonjwa huu. Kwetu tuko mbali na hapo, na dawa siyo sababu pekee. Watafiti wa Kisumu walipofungua faili za watoto waliogunduliwa kati ya 2003 na 2011 kutafuta kilichoamua nani aishi, walianza pale faili zilipoanzia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Wiki zilizopotea kabla ya hapo hazimo. Zimo kwenye madaftari ya kliniki zetu za Bondo, Ahero, Mbita na Muhoroni, yaliyoandikwa "limeng'olewa" na tarehe, basi.

Na wakati wa kuyarekebisha madaftari hayo ni huu. Kati ya 1977 na 1982, Mara Kaskazini, Tanzania, watoto waligawiwa klorokwini ili ionekane kama kupungua kwa malaria kutapunguza limfoma. Wagonjwa walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua kabla ya dawa, na jibu likabaki nusu nusu. Tangu Septemba 2019, chanjo ya malaria inatolewa kwa watoto magharibi mwa Kenya, uzinduzi ukifanywa Homa Bay. Watoto wa kwanza kuchanjwa sasa wanaingia umri ninaouzungumzia. Tusipokuwa na daftari sahihi la meno yaliyolegea, miaka 10 ijayo tutajibu nusu nusu tena.

Ninachopendekeza kimo kwenye rasimu ya fomu mliyopewa mlangoni: umri wa mtoto kwa miezi, jino gani, limetoboka au la, eksirei ionyeshayo mzizi, tumbo limepapaswa au la, na mahali anapolala mtoto usiku, kijiji na si mji. Ukurasa mmoja. Mtoto mwenye dalili asing'olewe siku hiyo. Wodi ya watoto ipigiwe simu kabla mtoto hajatoka chumbani, na jina la aliyepokea simu liandikwe.

Limebaki jambo ambalo sina jibu lake na naomba tulijadili kabla ya chakula. Kipande cha kupima kikikatwa kliniki ya kaunti ndogo, nani atalipia chupa ya fomalini, nauli ya kukifikisha Kisumu na usomaji wake? Na mzazi akikubali kipande cha matibabu, je, tumwombe palepale na cha utafiti, mtoto akiwa amepanua mdomo, au tungoje afike wodini na kuelezwa akiwa ametulia? Wenzetu wa maabara watapenda la kwanza, kwa sababu uvimbe ambao haujaguswa na dawa una thamani kwao. Mimi naegemea la pili, hata kama tutapoteza sampuli.