Usawa wa Betri za Nguvu ya Jua Majumbani



Twashukuru kupewa nafasi hii siku ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka 10. Wenzetu watasema habari za bei ya kahawa na za maghala. Sisi tumeombwa kueleza jambo dogo zaidi, ambalo hata hivyo lakula fedha za wanachama: betri mbili zilizofungwa pamoja, moja ikishiba na ya pili ikibaki na njaa.

Wengi wetu tunazo majumbani betri za risasi na tindikali, namna ile aliyoibuni Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859. Mbili za volti 12 hufungwa kwa kufuatana, ncha chanya ya moja na ncha hasi ya nyingine, zikatoa volti 24. Aliyelima kwa maksai hahitaji maelezo marefu: jozi iliyo katika nira moja huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu.

Ubaya wenyewe umejificha katika kontrola, kile chombo kiongozacho umeme wa paneli. Chombo hiki hakizioni betri mbili. Huona jumla yake tu. Kikifikisha volti 28.8 huridhika. Lakini jumla hiyo yaweza kuwa 14.4 kwa kila betri, na yaweza vilevile kuwa 15.4 kwa moja na 13.4 kwa nyingine. Ya kwanza inatokota na kupoteza maji. Ya pili haikushiba, na sahani zake za risasi zaota ukoko wa salfeti ambao ukikaa sana hautoki tena. Usiku ile yenye njaa hushushwa chini mno, huku jumla ikionekana njema. Hivyo pengo lazidi, na mawingu ya masika hulipanua upesi.

Latoka wapi pengo hili? Mara nyingi mtu huchukua volti 12 za redio au taa kutoka betri moja tu kati ya zile mbili, kwa kuwa ndiyo njia rahisi. Twaomba desturi hii iachwe kabisa, na badala yake kitumike kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12. Wengine hununua betri mpya moja na kuifunga pamoja na kuukuu. Twaijua sababu: malipo ya pili hayakutosha kununua mbili. Hata hivyo ni heri kungoja na kununua jozi ya namna moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, kwa maana ile kuukuu itaizeesha mpya kabla ya wakati wake.

Dawa huanza kwa kupima. Betri zifunguliwe, zipumzike saa kadhaa, kisha kila moja ipimwe kwa mita. Volti 12.7 ni betri iliyojaa, 12.2 ni kama nusu. Zikipishana, kila moja ichajiwe peke yake kwa chaja ya volti 12 hadi ijae, ndipo zifungwe tena. Ile itakayoshuka sana kwa siku moja bila kutumiwa imekwisha, wala fundi asiwadanganye kwamba itapona.

Betri zenye vifuniko vya kufunguliwa ziongezwe maji yaliyokenekwa, si tindikali, ingawa dukani vyote viwili huitwa maji ya betri. Fundi aweza kuzipandisha hadi volti 15 na zaidi kidogo, kwa saa chache, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali, kwani hutoa hewa iwakayo. Betri zilizozibwa kabisa zisifanyiwe hivyo kamwe.

Betri za lithiamu zina kanuni zake. Ndani yake mna kibao kinachosawazisha seli, na vingi hufanya kazi hiyo betri ikikaribia kujaa; kwa hiyo ziachwe zijae kabisa mara kwa mara.

Kwa maofisa tuna ombi moja. Mizani ya elektroniki ikizimika wakati foleni ya magunia imefika barabarani, hasara si ya mtu mmoja. Kila ofisi ya chama cha msingi iwekewe mita moja ya volti, na daftari la kuandika kipimo cha kila betri kila mwezi; na mwanachama akija kuiazima mita hiyo jioni, aazimwe.