Sauti Hii ni ya Nani?

Jumapili iliyopita nilikaa na bibi yangu mzaa mama tukatazama tamthilia ya Kituruki. Bibi macho yamechoka, maandishi yanayopita chini ya picha hayawezi tena. Lakini ile ilikuwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na bibi anawajua wote mle ndani: nani ana fitina, nani anaonewa, nani atarudi kulipiza. Ilipofika mwisho majina yakaanza kupanda kwenye kioo, ya Kituruki matupu. Bibi akaniuliza, "Sasa huyu mwanamke aliyekuwa anaongea vizuri hivi, ni mtoto wa nani?"

Sikuwa na jibu, na swali lake nimetembea nalo wiki nzima.

Mimi ni mpenzi wa hadithi tangu utoto. Nimekulia kwenye vibanda vya video, vile tulivyoviita vibanda umiza, benchi moja watu saba. Na huko nilikotoka, mfalme hakuwa Jackie Chan wala Arnold Schwarzenegger. Mfalme alikuwa Lufufu. Jina lake kamili ni Derek Gaspar Mukandala. Alikuwa akichukua filamu ya Marekani, ya India au ya Hong Kong, anaweka sauti yake juu ya kanda na kuisimulia kwa Kiswahili kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Peke yake alikuwa mwanamume, mwanamke, mtoto na jambazi. Pale ambapo filamu ilinyamaza yeye hakunyamaza: alikueleza kwa nini sterling, yaani mhusika mkuu, amekunja uso, na yule adui ametoka wapi.

Wako wasomi waliosema kwamba Lufufu hakutafsiri, alitunga. Nakubali kwamba alitunga, na ndiyo sababu namheshimu. Titanic ya Lufufu haikuwa sawa na Titanic ya James Cameron. Ilikuwa hadithi ya binti wa kitajiri na kijana asiye na kitu, imesimuliwa kama inavyosimuliwa barazani, na msimuliaji akiwa na upande wake. Wazee wetu walisimulia ngano hivyo hivyo. Kenya wanaye DJ Afro, na vibanda vyake vinajaa kwa sababu hiyo hiyo. Najua kuna suala la hakimiliki, kwamba wenye filamu hawakuombwa ruhusa. Suala hilo ni la kweli na silipuuzi. Ila ukiniuliza nani alinifundisha kukaa saa mbili na kufuata kisa bila kupotea, nitakutajia Lufufu.

Angalia sasa tofauti. Lufufu alijitaja ndani ya kanda zake, na watu walienda dukani kuulizia jina lake kabla ya jina la filamu. Wasanii wa sauti wa leo, wanaofanya kazi ngumu kuliko ile, hatuwajui.

Na ugumu wenyewe ni huu. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa hata Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam mwezi Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Mchina akikataa jambo, mdomo unafunguka mara moja tu: bu. Sisi tuna "hapana", silabi tatu. Mdomo wa mwigizaji umeshafunga, wewe bado una "pana" mkononi. Basi msanii atafute "la", au "sitaki" kama kuna nafasi, au agune, na bado hasira iwe ile ile. Kisha kuna adabu. Bibi harusi anapoingia chumbani kwa mama mkwe, kwa Kiswahili ataingiaje bila shikamoo? Mimi naipenda shikamoo iwekwe, hata kama kwenye lugha ya asili haimo, kwa sababu bila hiyo mtazamaji wetu atamwona yule binti hana malezi, na kisa kizima kitapinda. Mtu ameketi akaamua hayo yote, neno kwa neno, na jina lake halionekani.

Vitabu navyo ni hivyo hivyo. Kila aliyepita shule anajua kwamba Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tunajua kwa sababu alikuwa Rais. Je, ni wangapi wanaomjua Fortunatus Kawegere? Ndiye aliyetupa Shamba la Wanyama mwaka 1967. Shujaa Okonkwo tunampa Chinua Achebe, na ni haki yake, lakini Kiswahili kile ni cha Clement Ndulute.

Kitabu kilichonigusa kuliko vyote ni Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akatupa tafsiri yake ya Kiswahili. Nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza na nilikipenda, ila Yusufu, yule mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, alikuwa akinijia kwa mbali. Wale watu wa dukani, wapagazi, wafanyabiashara wa kwenda bara, wote nilijua kwamba vichwani mwao wanaongea Kiswahili. Kwenye Peponi nimewasikia wakiongea. Utani una makali, matusi yanauma, na neno rehani lina uzito ambao wajukuu wa watu wa pwani wanaujua bila kuelezwa. Kwangu mimi Peponi kinasimama juu kuliko kile cha Kiingereza, na nasema hivyo nikiwa nimevisoma vyote viwili.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye vituo vya televisheni. Mwisho wa kila tamthilia mliyoingiza sauti, wekeni majina ya waliotafsiri na waliotoa sauti, kwa herufi zinazosomeka, yasipite mbio. Wachapishaji, jina la mfasiri liwe kwenye jalada la mbele. Na wewe msikilizaji, ukimaliza kitabu kilichotafsiriwa, fungua kurasa za mwanzo umtafute aliyekuletea, kisha mtaje kwa rafiki yako pamoja na mtunzi.

Bibi yangu bado anasubiri jibu. Kama wewe ndiwe mwenye ile sauti na unanisikiliza jioni hii, tupigie simu hapa studio. Kuna mzee anataka kukusalimu.