Sufuria ya kome na watu wa nyuma ya mlango

Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wamemba na wafadhili, Lubumbashi



Mkutano huu uko na swali moja la kujibu leo. Je, sehemu ya akiba yetu isaidie kufungua malewa ya pamoja, itakayoendeshwa na wamemba waliorudi toka Ubelgiji, ao tuendelee kumpa kila mmoja msaada wake kidogo kidogo? Sisi tunaotembelea wamemba nyumbani kwao tumeombwa kutoa mawazo. Tutaanzia mbali kidogo, kwenye chakula cha Wabelgiji. Mutuvumilie, tutafika.

Kwa wale ambao hawajafika kule: kome ni mnyama mdogo wa bahari, anayekaa ndani ya magamba mawili meusi yanayofungwa kama sanduku. Wabelgiji wanaosema Kifaransa wanamwita moule, Waflemi wanamwita mossel. Kome wanaoshwa, wanatiwa ndani ya sufuria pamoja na kitunguu, seleri, na mara nyingi divai nyeupe kidogo. Unafunika, moto mkali, na kwa dakika chache tu mvuke unawafungua. Sufuria yenyewe njo sahani. Kila mtu analetewa yake, karibu kilo moja ukihesabu na magamba, frite pembeni, na gilasi ya bia.

Tulipokuwa Bruxelles kwa mafunzo ya kazi, wenyeji wetu walitupeleka kwenye restora ya namna hiyo. Si pahali pa matajiri. Meza zinakaribiana, kitambaa cha meza ni karatasi, watu wanasema kwa sauti, na watoto wako. Kome wa kwanza unamla kwa uma, halafu gamba lake tupu linakuwa koleo ya kuvutia wengine. Magamba unayatupa ndani ya kifuniko. Mwisho unabaki mchuzi chini, nao unachovya mkate ao frite, kama vile sisi tunavyofuta mchuzi kwa bukari. Bia nyingi ziko na gilasi yao wenyewe, na Mbelgiji hafanyi mchezo na jambo hilo. Mwaka 2016 UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Na sasa musikilize hili: wengi wa kome hao si wa Ubelgiji. Wanatoka Zeeland, kwa Waholanzi, ambako mji mdogo wa Yerseke uko na mnada wao. Lakini Mbelgiji anasema ni chakula chetu, na hakuna anayemkatalia, kwa sababu yeye njo anajua kuwapika na kuwauza. Sisi pia tuko vile. Samaki thomson anavuliwa kwenye bahari ya Namibia na kufika hapa na kamiyo, akiwa barafu. Nani kati yetu atasema thomson na bukari si chakula cha kwetu? Chakula ni cha yule anayekijua.

Tupite basi nyuma. Restora ile iko na milango miwili, wa wateja na wa jikoni. Kati ya wamemba waliorudi, tumeongea na wengi waliopita ule wa pili. Waliosha masufuria, na pahali ambapo kila mteja anachafua sufuria yake, usiku mmoja tu ni mlima. Walisafisha kome, walikata viazi, walibeba mapipa ya bia. Wengine walilipwa mkononi, bila mkataba, juu hawakuwa na karatasi. Wakirudi, hawasemi. Familia inauliza, "Bulaya ulikuwa unafanya nini?" Jibu ni, "Nilikuwa kwenye biashara." Wanaogopa kicheko cha mtaa: miaka yote ile, kuosha sahani!

Hapo njo shida inaanzia. Mwenye ujuzi anauficha, mfadhili haujui, na msaada unapotea njia. Tumeona mtu aliyefanya kazi jikoni miaka mingi akipewa mafunzo ya ushonaji na mashine ya kushona, kwa sababu msaada uliokuwapo ulikuwa wa mashine. Haukupita muda mrefu, mashine ikauzwa. Mtu yule si mvivu, wala mfadhili hakuwa na roho mbaya. Hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyesema.

Tuangalie vile vitu wanavyovijua. Cha kwanza ni kuchagua. Kome aliye wazi kabla ya kupikwa, unamgonga; asipojifunga, amekufa, unatupa. Aliyebaki amefungwa baada ya kupikwa, humlazimishi, unatupa. Mtu aliyefanya hivyo kila siku amezoea kutupa kitu kilicholipiwa feza, ili mteja asigonjwe. Hapa kwetu umeme unakatika, thomson anayeyuka, anagandishwa tena, anauzwa. Tunamhitaji mtu wa kusema, "Huyu, hapana."

Cha pili ni hesabu ya wakati. Frite ya Ubelgiji inakaangwa mara mbili: kwanza ndani ya mafuta ya joto la kadiri, ili iive ndani, inapumzika, halafu ndani ya mafuta ya moto sana, ili ikauke nje. Kazi ya kwanza inafanywa mbele ya wateja kufika. Saa ya watu wengi, kunabaki dakika chache tu. Mwenye kupika kwa makala anaelewa faida yake.

Cha tatu ni orodha fupi ya vyakula. Kome wale wale wanapikwa na divai, na bia, na krimu, na kitunguu saumu. Unanunua kitu kimoja kwa wingi, kinaisha, hakiozi. Nyumba inayoitwa Chez Léon iko rue des Bouchers, Bruxelles, tangu 1893, na mpaka leo jina lake linabebwa na kome na frite.

Hatusemi tupike kome Lubumbashi! Tunasema malewa yetu iwe na vyakula vitatu: thomson, sombe na maharagi, pamoja na bukari ao frite. Inunue ya leo, iuze leo. Deni hakuna, hata kwa memba, hata kwa rais wa kamati. Bia ihesabiwe ndani ya kitabu chake, maana wote tunajua vile faida ya bia inavyonywewa na wenye nyumba.

Tulipopita nyumbani, ba mama kadhaa walituambia: "Akiba yetu ni ya matanga na ya ugonjwa. Mukiiweka ndani ya sufuria, nani atatuzika?" Neno hilo ni la haki. Njo maana tunaomba sanduku la matanga lisiguswe hata franka moja. Malewa ichukue mkopo kwenye sehemu nyingine, irudishe kila mwezi, na hesabu isomwe hapa mbele ya wote. Ikishindwa kurudisha miezi mitatu mfululizo, tunafunga, tunauza vyombo, akiba inarudi.

Kwenu wafadhili, ombi letu ni dogo kuliko munavyofikiri. Mbele ya kuleta mafunzo, mutusaidie kufungua kitabu cha ujuzi, pahali ambapo kila memba anaandikwa kazi alizofanya, hata zile zisizo na cheti. Asiye na karatasi apewe jikoni siku moja, apike, tuonje. Mikono yake itatoa ushuhuda.

Na kwenu ndugu waliorudi: mfuko unaweza kurudi mtupu, lakini kichwa hakikurudi kitupu. Mutu akikuuliza ulikuwa unafanya nini Bulaya, mwambie ulikuwa unalisha watu mia kwa usiku mmoja na hakuna aliyeumwa tumbo. Halafu muulize yeye kama anaweza.

Sasa karatasi za kura zipitishwe.