Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo ni ya kukaribisha, lakini ndani yake mna sharti. Mgeni anakaribishwa ili mwenyeji apate nafuu. Ikiwa mgeni amefika na mwenyeji akazidi kuugua, basi yuko mtu katikati ya mlango anayekula kilicholetwa. Tumeombwa tuzungumze juu ya utalii na mazingira ya asili, nasi tumeona heri tuanze na sharti hilo, kwa kuwa kwa miaka mingi mambo haya yamejadiliwa nchini mwetu kana kwamba yanawahusu mgeni na mnyama peke yao. Mwenyeji husahauliwa.

Hatukuja kuupiga vita utalii. Mpishi wa Diani, dereva wa Narok na mchonga vinyago wa Wamunyu hupata riziki kwao. Wala hatukuja kuwatetea wanaokata misitu na kuua ndovu. Swali letu ni hili: nani huamua juu ya ardhi, maji na wanyama, na nani hufaidika? Hilo ni swali la utawala. Kwa hiyo, ndugu zetu wanaotuuliza kwa nini wapigania demokrasia wanajishughulisha na ndege na miti, jibu letu ni kwamba hatujatoka nje ya shughuli yetu hata hatua moja.

Sheria hueleweka kwa mifano, basi na tutazame mfano mmoja kwa makini.

Ziwa Bogoria liko Baringo, ndani ya Bonde la Ufa. Maji yake ni ya magadi, na kandokando yake chemchemi za maji moto hurusha mvuke angani. Mwani mdogo uotao ziwani ndio chakula cha heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao picha zao huitangaza Kenya ng'ambo. Kabla ya watalii kufika, jamii ya Endorois ilikuwa pale. Walilisha mifugo yao kando ya ziwa, mifugo ikalamba udongo wa chumvi. Walirina asali, wakachuma mitishamba, wakazika wafu wao, wakafanya ibada na sherehe za jando. Kwa karne nyingi ng'ombe, mbuzi na heroe walikaa pamoja, na hakuna aliyelazimika kumfukuza mwenziwe.

Mwaka wa 1973 serikali ilitangaza eneo lile kuwa hifadhi ya wanyama, na wenyeji wakaanza kuondolewa. Hapa tunaomba mtusikilize kwa subira, maana ndipo penye kiini cha jambo. Ardhi ile ilikuwa ardhi ya amana. Katiba ya wakati huo iliikabidhi kwa baraza la kaunti ili liishike kwa faida ya wakaao juu yake. Kila Mswahili anajua amana ni nini. Ukiachiwa mkufu na jirani yako aliyesafiri, huuvai, huuzi, wala huuweki rehani. Lakini sheria iliyoiita ardhi hiyo amana ilitoa pia njia ya kuitenga kwa matumizi mengine, na mwenye mali hakuwa na sauti ya kutosha kusema la. Saini na tangazo katika Gazeti Rasmi vilitosha.

Kwa mujibu wa malalamiko ambayo jamii ile iliyafikisha baadaye mbele ya wapatanishi na waamuzi, waliahidiwa mashamba yenye rutuba, asilimia 25 ya mapato ya utalii, asilimia 85 ya ajira zitakazotokana na hifadhi, majosho ya mifugo na mabwawa ya maji matamu. Mwaka wa 1986, familia 170 kati ya 400 hivi zilipokea takribani shilingi 3,150 kila moja. Ahadi nyingine hazikutimizwa. Watalii walikuja, malipo ya langoni yalikusanywa, hoteli ikajengwa. Mgeni alifika, mwenyeji hakupona.

Jamii ilikwenda mahakamani. Mwaka wa 2002 Mahakama Kuu ya Nakuru iliikataa kesi yao, ikiona kwamba sheria ya Kenya haikupaswa kutoa kinga ya pekee kwa ardhi ya watu kwa misingi ya kuikalia tangu zamani na haki za utamaduni. Hawakukata tamaa. Mwaka wa 2003 walipeleka malalamiko yao Banjul, mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu Kenya ilijiunga na Mkataba wa Afrika mnamo Januari 1992, majuma machache baada ya kifungu cha 2A, kilichotufunga katika chama kimoja, kufutwa Desemba 1991. Tusisahau majira hayo.

Tume ilitoa uamuzi wake Novemba 2009, ukatangazwa Februari 2010. Iliamua kwamba Kenya ilivunja haki ya watu wale ya kuabudu, ya kumiliki mali, ya utamaduni, ya kufaidi utajiri wa asili na ya maendeleo. Iliagiza watambuliwe kuwa wamiliki na warudishiwe ardhi yao, wafike ziwani bila kizuizi kwa ibada na malisho, walipwe fidia, wapate mgawo wa mapato na nafasi za kazi katika hifadhi.  Mwaka wa 2014 serikali iliunda kikosi cha kushughulikia maagizo hayo. Mpaka leo lile lililo kubwa kuliko yote, la kurudishiwa ardhi, halijatimizwa.

Yuko atakayesema: ninyi mawakili mnapenda kutetea watu, lakini wenyeji wangaliachwa pale, mifugo ingalimaliza nyasi na heroe wangalihama. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wanyamapori wetu wamepungua vibaya. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba kwa wastani wamepungua kwa asilimia 68 tangu 1977, na miongoni mwa sababu ni ongezeko la watu na mifugo. Hatuwezi kulifumbia macho.

Lakini na tuipime hoja hiyo kwa mizani mbili. Kwanza, 1977 ni mwaka uleule ambao uwindaji ulipigwa marufuku kote nchini. Maana yake ni kwamba upungufu huu wote umetokea chini ya amri, walinzi na mbuga, si kwa kukosa amri. Wanyama wetu wengi huishi nje ya mipaka ya mbuga, katika malisho ya wananchi. Mfugaji asiyeshirikishwa hulipa gharama ya simba na ndovu kwa ng'ombe wake na kwa shamba lake, na malipo ya langoni hayamfikii. Kwa nini amlinde mnyama huyo? Pili, baada ya Endorois kuondolewa ili, kama ilivyodaiwa, mazingira yahifadhiwe, leseni za kuchimba vito vya rubi zilitolewa karibu na ziwa, katika ardhi ileile wanayoidai. Mbuzi wa mwenyeji alionekana kuwa hatari kwa ziwa. Mashine ya mwenye leseni haikuonekana. Hapo ndugu zangu, mwenye macho haambiwi tazama.

Ninyi mnaosoma Maandiko mnaijua habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa kutoa fidia, shamba zuri zaidi au fedha. Nabothi alikataa kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake. Kisha barua ziliandikwa, zikatiwa muhuri wa mfalme, mkutano ukaitishwa, mashahidi wakaletwa. Kila hatua ilifuata utaratibu, na mwisho wake damu ya mtu asiye na hatia ilimwagika. Kanisa lina neno la kusema hapa ambalo wakili hana: si kila kilicho na muhuri kina haki. Tena Mwanzo inatuambia mtu aliwekwa bustanini aitumikie na kuilinda. Anayemwondoa mlinzi bustanini hawezi kujiita mhifadhi.

Mwaka wa 2011 UNESCO iliandika Bogoria, pamoja na maziwa ya Nakuru na Elementaita, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa kwa nchi. Lakini Tume ya Afrika ilieleza masikitiko yake kwamba hatua hiyo ilichukuliwa bila Endorois kushirikishwa ipasavyo, ingawa uamuzi wa Banjul ulikwisha kutolewa. Ziwa likawa la dunia yote kabla halijarudi kuwa la wenyewe.

Tusifikiri kwamba hayo ni ya Baringo tu. Mto Mara, ambao mamilioni ya watu ulimwenguni wamewaona nyumbu wakiuvuka, hupata maji yake katika misitu ya Mau. Mwaka wa 2001 serikali iliondoa makumi ya maelfu ya hekta za misitu hiyo katika ulinzi wa sheria, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Mwaka wa 2005, majuma machache kabla ya kura ya maoni, mbuga ya Amboseli ilitolewa kama zawadi kwa tangazo la serikali, na baadaye mahakama ikaamua kwamba tangazo hilo halikuwa halali. Wamaasai walikuwa na madai ya haki juu ya Amboseli, lakini haki haitolewi kama peremende za kampeni. Na Agosti 1997, ghasia za Likoni zilipowaua wananchi na kuwafukuza wengine makwao, watalii waliikimbia pwani, hoteli zikafungwa, maelfu wakapoteza kazi. Si simba wala matumbawe yawezayo kumvuta mgeni katika nyumba ambamo damu inamwagika.

Hata hivyo hatukuja kuomboleza tu. Mwaka wa 1989 marehemu Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jumba la ghorofa sitini lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park. Mahakama ilimwambia hana haki ya kusimama mbele yake, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi. Leo Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba anayedai haki ya mazingira safi halazimiki kuthibitisha hasara au jeraha la mtu yeyote. Mlango uliofungwa usoni mwake uko wazi kwetu sote. Kifungu cha 69 kinaitaka Serikali ihakikishe faida za mazingira zinagawanywa kwa usawa. Kifungu cha 62 kinafanya ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Kwa hiyo ukuta wa hoteli unaomzuia mvuvi kupita ufuoni mwa bahari hauna pa kuegemea.

Haki hizi zimekwisha kufanya kazi. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, likiona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na wakazi wa kawaida ndio waliokuwa mbele. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanalinda mikoko yao kwa mradi wao wenyewe, na akina mama wamejenga njia ya mbao ambayo mgeni hulipa kuipita. Karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu 1993, wakulima wanaouza mabuu ya vipepeo wameona faida ya msitu kubaki umesimama. Katika maeneo hayo mgeni, mwenyeji na mti wamekaa meza moja.

Basi tunawasihi mambo matatu. La kwanza, jamii ambazo ardhi yao haijasajiliwa zianze kazi hiyo sasa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ardhi ya jamii isiyosajiliwa ingali inashikwa na serikali ya kaunti kwa amana, hata fidia yake. Tumeona amana ilivyotunzwa hapo zamani. La pili, kila parokia iwe na watu wawili au watatu wa kufuatilia matangazo ya miradi katika eneo lake. Anayepinga kibali cha mazingira ana siku 60 za kukata rufaa; siku hizo hupita upesi kuliko mtu anavyodhani. La tatu, tuulize hesabu. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Tuulize hifadhi iliyo jirani yetu imekusanya kiasi gani, na zahanati, shule na visima vimepata ngapi. Tuulize kwa maandishi, tubaki na nakala.

Wazee wa Endorois walioondolewa mwaka wa 1973 wakiwa vijana, walio hai sasa ni wakongwe. Wengine wamekufa wakisubiri kuzikwa walikozikwa baba zao. Tukiwaombea Jumapili, tuwadai pia haki yao Jumatatu.