Faini Isiyofukia Shimo: Adhabu za Mazingira na Mchimbaji Mdogo
Mhadhara wa umma, Amani, Unguja



Unguja haina makaa ya mawe. Yanachimbwa Bara, Kiwira na Ngaka kule Mbinga, na tangu vita vya Ukraine vipandishe bei mwaka 2022, malori yamekuwa yakiyashusha kwa wingi katika bandari ya Mtwara. Pembeni mwa kampuni wapo wenye leseni ndogo, ambazo Sheria ya Madini ya 2010 imewatengea Watanzania. Nawazungumzia hao kwa sababu adhabu za mazingira huwaangukia kwa namna ambayo naiona si ya haki, na dhuluma hiyo ipo hata kwetu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilivyotungwa, anayetiwa hatiani kwa kuchafua mazingira hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 3. Hiyo "isiyopungua" ndiyo inayonisumbua. Kikundi kinachokodi pampu ya kutolea maji shimoni, kikauza mzigo kwa dalali kwa bei aliyoitaka dalali, kikipigwa faini hiyo hurudisha pampu na kutawanyika. Tuweke kando yake mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mei 2019 NEMC, baraza la mazingira la Bara, iliutoza shilingi bilioni 5.6 kwa maji machafu yaliyovuja kutoka bwawa la tope sumu. Ni fedha nyingi, na zilistahili. Lakini mgodi ule unafanya kazi hadi leo, tena Serikali ikiwa mbia kwa asilimia 16. Mkubwa alilipa akaendelea. Mdogo hulipa akatoweka, na shimo lake likabaki wazi.

Simaanishi mdogo aachiwe. Ndani ya makaa mna madini ya salfa. Yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na maji ya namna hiyo huweza kutiririka miaka mingi baada ya mchimbaji wa mwisho kuondoka, yakiyeyusha metali njiani. Samaki hafi nusu kwa kuwa mwenye shimo ni maskini. Anayekunywa maji ya bonde lile naye ni maskini, na mara nyingi ni jamaa wa mchimbaji.

Kwa hiyo swali langu ni adhabu inatengeneza nini. Faini inayomfilisi mchimbaji humwondoa mtu ambaye bado angeweza kufukia. Sheria hiyohiyo ya 2004 inatambua amri ya kurejesha mazingira, na mimi ningetaka amri hiyo itangulie: fukia, panda, chimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua, kisha ukaguliwe. Faini ifuate kwa atakayekaidi, na ipimwe kwa mapato. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2024, umezitaka nchi wanachama kuruhusu faini inayofika asilimia 5 ya mauzo ya kampuni kwa makosa mazito zaidi ya mazingira. Kipimo cha namna hiyo kinawezekana.

Sasa turudi nyumbani. Mazingira si jambo la Muungano. Sisi tunayo Sheria Namba 3 ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Makaa yetu ni mchanga. Nendeni Donge mkaone: minazi imeng'olewa, udongo wa juu umekwenda, chini limebaki jiwe la matumbawe lisilootesha hata muhogo, na masika mashimo hujaa maji. Mchanga ule umo katika kuta za ukumbi huu na za nyumba zote zinazopanda ghorofa hapa Amani. Anayekamatwa njiani ni dereva wa tipa au mwenye gari la ng'ombe asiye na kibali. Mwenye nyumba aliyeuagiza usiku hakuna anayemgongea mlango.

Naomba basi, kanuni za machimbo zitakapopitiwa tena, mambo mawili yaandikwe: mnunuzi wa mchanga usio na kibali awe mkosaji sawasawa na mbebaji, na kila tani iuzwayo kihalali ikatwe kiasi kinachobaki katika hesabu ya shehia yenye shimo, kisitoke huko mpaka shimo limefukiwa na sheha ametia saini.