"Fundi, Nibanie Mafuta"

Msikilizaji, kuna ombi linalosikika kila siku kwenye vijiwe vya mafundi pikipiki, kuanzia Buguruni hadi Makambako: "Fundi, nibanie mafuta." Fundi anashika bisibisi, anazungusha skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta, mlio unabadilika, dereva analipa na kuondoka akiamini tanki lake sasa litakaa siku mbili. Halitakaa.

Nyingi za pikipiki za Kichina zilizochoka tunazozipanda zimebeba injini ya ukoo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Ni injini isiyokufa ovyo, na haina kompyuta ya kuipimia mafuta. Kipimo chote kipo kwenye kabureta: hewa inapita kwenye koo jembamba, inaongeza kasi, mgandamizo unashuka, petroli inanyonywa kupitia vitundu vya shaba tunavyoviita jeti. Ili petroli iungue yote, kila gramu moja inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa.

Sasa ile skrubu inatawala sailensa, yaani mzunguko wa injini usipovuta mafuta, na pale mwanzo tu unapoanza kuvuta. Ukivuta nusu, kazi ni ya sindano ya ndani ya kabureta. Ukivuta mpaka mwisho, kazi ni ya jeti kubwa. Kwa hiyo dereva aliyebaniwa skrubu haokoi kitu cha maana barabarani. Anachopata ni pikipiki inayogoma asubuhi na kuzima kwenye foleni, naye anaipandisha sailensa ili isizime. Petroli anayoikimbia inachomwa pale pale pikipiki ikiwa imesimama.

Wengine huenda mbali zaidi, wanashusha sindano au wanaweka jeti ndogo kuliko ya kiwandani. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu hapo injini inauawa. Mchanganyiko wenye petroli kidogo mno huipandisha injini joto kupita kiasi, hasa ikiwa na abiria wawili mlimani. Valvu ya ekzosi inaungua, pistoni inakwaruza silinda. Alichookoa dereva kituoni kwa miezi anakimaliza dukani kwa siku moja, akinunua pistoni na ringi, na siku hiyo hakuna hesabu ya kumpelekea bosi.

Kabureta hurekebishwa mwisho, baada ya mengine. Safisha kwanza chujio la hewa. Seti tapeti za valvu. Kagua mpira unaounganisha kabureta na injini, maana ukipasuka unavuta hewa ya pembeni na utazungusha skrubu mpaka jioni bila kufika. Jeti ikiziba, isafishe kwa petroli na upepo wa kompresa. Tafadhali, si kwa uzi wa waya wa klachi! Shaba ni laini. Waya unapanua tundu, na jeti iliyopanuka haina dawa ila kubadilishwa.

Kisha washa mpaka injini ipate moto. Funga skrubu taratibu hadi iguse, usiikaze, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Hapo ni pa kuanzia. Endelea robo kwa robo, ukiiacha injini itulie kila mara, mpaka mahali inapozunguka juu na laini kuliko kwingine. Ndipo ushushe sailensa kwa skrubu yake. Lakini angalia skrubu ya mchanganyiko ilipo. Ikiwa upande wa chujio, kwa kawaida ni ya hewa, na ukiifunga unaongeza petroli. Ikiwa upande wa injini, ni ya petroli yenyewe, na ukiifunga unaipunguza. Asiyejua tofauti hiyo anaharibu kwa bidii.

Kuna mahali jeti ndogo ni halali. Pikipiki iliyosetiwa Dar es Salaam ikipelekwa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, inakuta hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Petroli inazidi, inatoa moshi mweusi, inakosa nguvu kwenye vilima. Hapo kupunguza jeti ni kurudisha uwiano. Ila siku inaporudi Pwani, jeti ya zamani nayo irudi.

Ushahidi upo kwenye plagi. Ikiwa nyeusi na kavu kwa masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na joto ni kubwa, simama leo hii. Hudhurungi isiyokolea, endelea na safari.

Kwa hiyo ukifika kijiweni, mpe fundi dalili, si amri. Mwambie asubuhi inawakaje, inakata unapovuta mafuta au unapoachia, na plagi umeikuta na rangi gani. Na kabla hajagusa kitu, muulize: skrubu ya kabureta hii ni ya hewa, au ya petroli?